Apatimenti za kununua kwa ramani Nairobi: mjenzi wa hapa na wa kutoka nje kwenye mizani

Kinachopimwa hapa ni bidhaa moja: apatimenti ya ghorofani inayouzwa Nairobi ikiwa bado ni picha kwenye brosha. Wanaoiuza ni makundi mawili. Kuna wastawishaji wa hapa, yaani wenye miradi (humu tunawaita pia wajenzi), kuanzia kampuni kubwa zenye ofisi Upper Hill hadi ndugu watatu waliorithi nusu eka Kileleshwa. Kisha kuna wa kutoka nje: Wachina, Waingereza, Wahindi, watu wa Dubai, na mifuko ya uwekezaji ambayo hata muuzaji wake hakwambii mwenyewe hasa ni nani. Kila anayeingia ofisi ya mauzo pale Kilimani hujiuliza ampe nani pesa zake. Wa hapa anajulikana kwao, na akikimbia atakimbilia wapi? Wa nje ana kreni mpya, ana sebule ya maonyesho yenye taa za dari, na chai anakuletea kwa kikombe chenye kisahani.

Alikotoka mjenzi hukuonyesha ni shida ya aina gani inaweza kukupata. Kama itakupata au la, hilo huamuliwa na mambo mengine, na mengi yake unaweza kuyachunguza kabla hujatia sahihi.

Rekodi ya jiji haimpendelei yeyote

Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua The Pinnacle pale Upper Hill, mnara uliokusudiwa kupita mita 300 na kuwa mrefu kuliko yote Afrika. Wenye mradi walikuwa Hass Petroleum pamoja na White Lotus ya Dubai, yaani mwenyeji na mgeni kwenye sahani moja. Mgogoro wa kiwanja ukafika mahakamani, kazi ikasimama, na kilichobaki ni shimo.

Upande wa pili, Global Trade Centre ya Westlands ilijengwa na AVIC International ya China. Ilichukua miaka mingi, lakini ilikamilika, na hoteli ya JW Marriott ikafunguliwa humo 2024. Kule Garden City, Thika Road, Mi Vida ni ubia wa Actis ya Uingereza na Shapoorji Pallonji ya India, na watu wamepewa funguo wakahamia.

Wa hapa nao wana yao. Cytonn ilikuwa ikikusanya pesa za wawekezaji kupitia Cytonn High Yield Solutions na Cytonn Project Notes na kuzielekeza kwenye majengo. Oktoba 2021 mifuko hiyo miwili iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2023 Mahakama Kuu ikaamuru ifilisiwe. Ubaya wa mpangilio ule unaelezeka kwa sentensi moja: mwekezaji alitaka pesa zake baada ya miezi, na pesa zenyewe zilikuwa zimegeuka zege ambalo lingechukua miaka kuuzika.

Kabla ya kuendelea, tenganisha mstawishaji na mwanakandarasi. Ukiona maandishi ya Kichina kwenye mabati yaliyozungushiwa mjengo wa Lavington usikimbilie kusema jengo ni la Wachina. Mara nyingi mwenye mradi ni Mkenya, na Wachina wameajiriwa kujenga tu. Nyumba 1,370 za Park Road, Ngara, zilijengwa na China State Construction, lakini mradi ulikuwa wa serikali. Mwanakandarasi akiondoka anaweza kupatikana mwingine. Mwenye mradi akiishiwa, hata mwanakandarasi bora duniani atafunga virago.

Pesa za ghorofa ya saba zinatoka wapi?

Hili ndilo swali, na asilimia kubwa ya wanunuzi hawaliulizi kwa sababu wanaona aibu kumuuliza mtu mwenye suti.

Chukua mnara wa kubuni tu: apatimenti 120, kila moja shilingi milioni 8. Mauzo yote ni milioni 960. Kiwanja kimekula milioni 200, ujenzi milioni 550, na wataalamu, vibali, riba na matangazo milioni 90. Inabaki faida ya milioni 120. Kwenye karatasi inapendeza. Mwaka wa kwanza ameuza apatimenti 48, na kila mnunuzi ametoa asilimia 20, yaani milioni 1.6. Amekusanya milioni 76.8. Hiyo ni asilimia 14 ya gharama ya ujenzi. Itachimba shimo, itajenga kuta za basementi, itainua slabu mbili tatu, na hapo imekwisha. Zile milioni 473 zilizobaki lazima zitoke benki, mfukoni mwa mwenye mradi, au kwa wanunuzi ambao bado hawajapatikana. Jibu la tatu ndilo linalozaa magofu, awe ni mjenzi wa Murang'a au wa Guangzhou.

Usidanganywe pia na sherehe ya kumwaga slabu ya paa. Kiunzi cha zege huwa chini ya nusu ya gharama ya apatimenti ya kisasa. Baada ya paa kuna kuta, plasta, mabomba, nyaya, madirisha ya alumini, vigae, kabati za jikoni, pampu, jenereta na lifti, na vingi kati ya hivyo hununuliwa kwa dola. Tuseme lifti moja ni dola 60,000. Januari 2022, dola ikiwa kama shilingi 113, hiyo ni milioni 6.8. Januari 2024, dola ilipokaribia shilingi 160, lifti ileile ilikuwa milioni 9.6. Baadaye mwaka huohuo dola ilirudi karibu shilingi 129, lakini aliyelazimika kuagiza Januari hakurudishiwa chochote. Ndiyo maana minara mingi utaiona imesimama ikiwa kamili kwa nje, zege tupu, matundu ya madirisha yakipitisha upepo. Wengi wanafikiri ni uzembe. Ni hesabu ya bidhaa za nje iliyokataa.

Riba nayo ilibana. Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, na mjenzi anayekopa hulipa zaidi ya hapo. Hapo ndipo ofisi ya mauzo inapokuja na ofa: lipa taslimu leo upate punguzo la asilimia 15. Piga hesabu. Nyumba ya milioni 8 unailipia milioni 6.8, unaipata baada ya miaka miwili. Faida yako ni kama asilimia 8.5 kwa mwaka. Wakati huohuo, mapema 2024, hati za hazina za siku 364 zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16, na mkopaji ni serikali. Kwa hiyo ofa ile ni mkopo wa bei nafuu unaompa mjenzi, tena bila dhamana. Akikuonyesha punguzo kubwa zaidi, asilimia 25 au 30, usifurahi: huenda benki imeshamkatalia.

Mjenzi wa hapa

Uzuri wake ni kwamba anashikika. Mali zake ziko hapa, na wakurugenzi wanapatikana ukitaka kuwapelekea hati za kesi Milimani. Anajua udongo wa jiji. Mtu aliyejenga Kilimani anajua kwamba chini ya ule udongo mwekundu kuna mwamba, na atatenga pesa za kuupasua. Aliyejenga upande wa Embakasi na Mombasa Road anajua udongo mweusi unavyofura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, kwa hiyo atauchimba autoe kabla ya msingi. Vipuri vyake pia ni vya hapa. Kitasa kikiharibika, fundi anashuka River Road na kurudi nacho mchana.

Shida zake ziko kwenye kiwanja na kwenye deni.

Kiwanja: wengi wa hapa hujenga kwa ubia na mwenye ardhi. Mzee anatoa nusu eka yake, mjenzi anatoa pesa, kisha wanagawana apatimenti. Mpango si mbaya, ila hatimiliki mara nyingi hubaki kwa jina la mzee. Mzee akifariki ujenzi ukiwa ghorofa ya tano, mirathi inafunguliwa, mtoto wa nyumba ya pili anatokea na wakili, na mradi unalala. Kabla ya kulipa, taka kuona mkataba wa ubia umesajiliwa, au ardhi imeshahamishiwa kampuni ya mradi. "Mzee ni rafiki yetu wa siku nyingi" si hati.

Deni: akiwa na mkopo wa benki, hatimiliki iko kwenye rehani. Hilo si baya, tena ni dalili nzuri kwamba kuna mtu mwingine anayekagua hesabu. Ubaya ni kununua bila barua ya benki inayoridhia mauzo na kuahidi kuiachilia nyumba yako ukimaliza kulipa. Bila barua hiyo, mjenzi akishindwa kulipa, benki inauza jengo na wewe ndani yake. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki itoe notisi ya miezi mitatu ya kulipa deni, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, halafu dalali anatoa siku 45. Mnunuzi asiye na barua hupata habari akiona tangazo la mnada gazetini.

Wapo pia wajenzi wa hapa wanaotumia pesa za familia pekee, bila benki na bila riba. Hawa huenda polepole, slabu moja kila pesa zikipatikana, lakini mradi wao haupigwi mnada. Ukiwa na subira na kodi unayolipa sasa haikuumizi, tunawapa alama nzuri kuliko wengi wanavyowapa.

Mjenzi wa kutoka nje

Kasi yake inavutia kweli. Anayetumia fomu za alumini, zile kalibu za kumwagia zege, badala ya mbao anaweza kumaliza ghorofa kwa wiki moja au kidogo zaidi, wakati wa mbao huchukua mbili hadi tatu. Mtaji wake ukiwa umeshaingia nchini, riba ya Nairobi haimgusi sana.

Lakini angalia hili. Dubai, sheria namba 8 ya 2007 inamtaka mstawishaji aweke pesa za wanunuzi kwenye akaunti ya amana, eskro, na azitoe kadiri jengo linavyopanda. India, tangu sheria ya 2016, asilimia 70 ya pesa za wanunuzi hukaa kwenye akaunti ya mradi huo pekee. Kenya haina sheria inayomlazimisha mjenzi kufanya hivyo. Kwa hiyo kampuni ileile inayojisifia nidhamu ya kwao, ikifika Nairobi iko huru kuchukua amana yako Jumatatu na kununulia kiwanja kingine Ijumaa. Brosha itakuonyesha minara aliyoimaliza ng'ambo. Muulize: kule pesa zilikaa wapi, na hapa zitakaa wapi? Asiye na jambo la kuficha atakubali eskro hata kama sheria haimlazimishi. Wapo wanaokubali, na hiyo kwetu ni nusu ya alama zote.

Jambo la pili ni miaka ya ardhi. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99, na kampuni huhesabiwa raia pale tu ambapo hisa zote ni za raia. Hata hisa moja ya mgeni inatosha kuibadilisha. Ardhi waliyokuwa nayo wageni kwa miaka 999 au bila ukomo iligeuzwa kuwa miaka 99 kuanzia Agosti 2010. Kwa hiyo ukinunua kwake, hata wewe Mkenya, utarithi saa inayohesabu. Uliza imebaki miaka mingapi. Sheria ya Umiliki wa Vitengo ya 2020, inayokuwezesha kupata hati ya apatimenti yako mwenyewe, haikubali kiwanja cha kukodi kilichobakiza chini ya miaka 21.

La tatu: kampuni inayokuuzia siyo ile ya kwenye brosha. Ni kampuni ndogo ya mradi mmoja iliyosajiliwa hapa, pengine kwa mtaji wa hisa wa shilingi 100,000. Toa CR12 yake, hati ya msajili wa kampuni, kwenye eCitizen uone wakurugenzi na wanahisa, kisha dai kampuni mama iweke dhamana kwa maandishi. Bila hiyo, mambo yakiharibika utakuwa unaidai kampuni yenye meza mbili na kompyuta moja, na mkurugenzi wake ameshapanda ndege.

La nne ni wabia kugombana. Mgeni humtafuta mwenyeji wa kumfungulia milango, na milango ikishafunguka wanaanza kupimana. Kesi za wanahisa wa Tatu City kule Ruiru zilizunguka kwa miaka na kufika hadi usuluhishi wa London. Mji ule uliokoka kwa sababu ni mkubwa na una mifuko mirefu. Mnara wa apatimenti 120 hauna pumzi hiyo.

Bei ya dola tunaikataa moja kwa moja kwa mtu anayelipwa mshahara wa shilingi. Nyumba ya dola 100,000 ilikuwa milioni 11.3 Januari 2022 na milioni 16 miaka miwili baadaye.

Kuhusu umaliziaji, kwa ufupi: vyoo vinavyovuja kwa jirani wa chini tumevikuta kwa pande zote mbili. Kwa wa nje ongeza swali la vipuri. Vitasa, swichi na mikono ya bomba vilivyokuja na kontena moja huwa havipatikani tena. Taka akiba ya angalau asilimia 5 iachwe stoo ya jengo.

Kukagua eneo la ujenzi

Nenda saa moja na nusu asubuhi siku ya kazi. Usiende Jumapili na muuzaji.

Watu wengi hutazama kreni. Kreni ikizunguka wanasema kazi inaendelea. Jueni hivi: kreni ya mnara ikiwa haitumiki huachwa huru ili upepo uizungushe, la sivyo dhoruba ingeiangusha. Kwa hiyo kreni ya mradi uliokufa inazunguka vizuri kabisa. Tazama kulabu. Ina mzigo? Waya wake unang'aa kwa mafuta au umegeuka kahawia? Kreni mara nyingi ni ya kukodi kwa mwezi, na ikishushwa kabla ya paa, mwenyewe amechoka kudai.

Kisha nenda kwenye kibanda cha chakula nje ya lango. Huyu mama ndiye mhasibu wa kweli wa mradi. Muulize kwa heshima, "Mama, watu wa mjengo wanakula wangapi siku hizi?" Akikujibu kwamba zamani alipika sufuria tatu za githeri na sasa moja inabaki, umepata ripoti ambayo hakuna mkaguzi atakuandikia. Muulize pia kama vibarua walilipwa Jumamosi. Wanaokula kwa deni hawajalipwa, na fundi asiyelipwa huhamia mjengo mwingine Jumatatu. Soja wa lango naye anajua lori la mwisho la saruji liliingia lini.

Ubao wa mradi uwe na namba ya usajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, jina la mwenye mradi, mwanakandarasi, msanifu majengo na mhandisi. Msanifu mtafute kwenye orodha ya BORAQS, bodi ya wasanifu na wakadiriaji gharama, mhandisi kwenye orodha ya EBK, bodi ya wahandisi, kisha wapigie simu. Mhandisi akisema, "Mimi niliachana na hao zamani," geuza gari. Kama mwanakandarasi ni wa kigeni, kanuni za 2014 zinamtaka ampe mwenyeji angalau asilimia 30 ya thamani ya kazi. Uliza ni nani, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye anayecheleweshewa malipo kwanza.

Ukiruhusiwa kuingia, angalia nondo zinazochomoza juu ya nguzo. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa inayotoka kwa kidole si hoja. Inayobanduka kama maganda ni hoja. Beba kalipa. Nondo ya milimita 16 ikipimika 14 baada ya kusuguliwa, imepoteza karibu robo ya nguvu yake, na hapo mhandisi lazima aamue kuunga nyingine. Jengo lililopigwa na masika mbili na vuli mbili bila kufunikwa lisiendelezwe bila ukaguzi wa kutoboa zege na kupima vipande maabara.

Tazama basementi. Maji yaliyokaa yakawa kijani yanaonyesha pampu zimezimwa, na kuzima pampu ni kati ya hatua za mwisho za mtu aliyeishiwa. Maji hayo hulainisha udongo nyuma ya kuta, ukuta wa jirani unapata ufa, jirani anakwenda mahakamani, na sasa mradi una tatizo la pesa na amri ya kusimamisha kazi.

Omba matokeo ya vipimo vya zege: vile vipande vya mchemraba vya milimita 150 vinavyopondwa siku ya 7 na ya 28. Siku ya 7 zege liwe limefika kama theluthi mbili ya nguvu yake. Wakisema faili iko ofisi kuu, mwambie mhandisi akutumie picha kabla ya jioni.

Karatasi

Mwanasheria awe wako. Yule wa mradi, hata akijitolea kukuhudumia bure, analipwa na upande wa pili. Afanye upekuzi wa hati kwa namba ya sasa, kwa kuwa viwanja vingi vya Nairobi vilivyokuwa na namba za 209/, 1870/ na kadhalika vimepewa namba mpya za bloku, na brosha bado hutumia za zamani. Aitafute namba hiyo na jina la kampuni kwenye hukumu zilizochapishwa na Kenya Law. Ni bure, na huchukua dakika kumi. Adai pia leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kibali cha kaunti chenye idadi ya ghorofa zilezile zinazouzwa (14 kwenye kibali na 20 kwenye brosha si kosa la uchapaji), na kwa minara iliyo karibu na viwanja vya ndege vya Wilson au Eastleigh, idhini ya urefu ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Ikiwa leseni ya NEMA ni mbichi, subiri walau siku 60 zipite, maana majirani wanaweza kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal), na ujenzi ukasimama.

Malipo

Mpango wa kulipa kila mwezi kwa miezi 24 unampendeza mnunuzi kwa sababu unafanana na mshahara. Unampendeza mjenzi zaidi, kwa sababu unaendelea hata jengo likisimama. Dai malipo yafuate hatua: asilimia 10 ukitia sahihi, 10 slabu ya chini ikimwagwa, 20 kiunzi kikifika nusu, 10 kwenye paa, 20 kuta, plasta na madirisha yakikamilika, 20 lifti ikijaribiwa na maji yakitoka bombani, na 10 za mwisho ukishika hati. Kila hatua ithibitishwe na cheti cha msanifu, na picha ya simu ya muuzaji isihesabiwe kuwa cheti.

Weka tarehe ya mwisho kabisa, na baada yake uwe na haki ya kurudishiwa pesa pamoja na riba. Soma kwa makini kipengele cha dharura zisizozuilika. Tumeona mikataba inayohesabu "upungufu wa vifaa" na "mabadiliko ya thamani ya fedha" kuwa dharura. Kwa maneno hayo mjenzi hachelewi kamwe. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kisha wakili aandikishe zuio kwenye hati kuu chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Wajenzi wengi watapinga zuio. Yule anayekubali, wa hapa au wa nje, tunampendekeza.

Ikiwa umeshanunua na kazi imesimama

Acha kulipa kwa utaratibu: barua ya wakili kwanza, ili usionekane wewe ndiye uliyevunja mkataba. Kisha tafuteni wenzenu. Mnunuzi mmoja mmoja akikimbilia kortini kudai pesa zake anaharakisha ufilisi, na kwenye ufilisi wasio na dhamana hupanga foleni nyuma ya benki.

Turudi kwenye mnara wetu wa kubuni. Wanunuzi wamefika 70, kila mmoja amelipa asilimia 40, jumla milioni 224. Mkadiriaji gharama mliyemwajiri wenyewe anakagua na kusema kazi iliyobaki ni milioni 260. Benki inadai milioni 150. Inaonekana ni msiba, lakini wanunuzi bado hawajalipa milioni 4.8 kila mmoja, ambayo ni milioni 336. Pesa za kumaliza zipo, tena zinabaki milioni 76. Apatimenti 50 hazijauzwa; jengo likikamilika, hata kwa milioni 7 kila moja ni milioni 350, na benki inalipwa humo ikiwa itakubali kusubiri. Benki nyingi husikiliza hesabu ya namna hii, kwa sababu kuuza gofu kwenye mnada ni kuuza kwa hasara.

Kikwazo huwa ni mjenzi kutaka pesa zipitie kwake. Msikubali. Fungueni akaunti mpya yenye sahihi tatu: mwakilishi wa wanunuzi, benki, na mkadiriaji gharama. Mwanakandarasi mpya alipwe kila baada ya wiki mbili kwa kazi iliyopimwa, na mkadiriaji asitie sahihi yake akiwa ofisini. Apande ngazi hadi ghorofa husika, apime, ndipo ashuke na kalamu.